Sauti Yangu Iko Kaunta

Jirani yetu Mama Nasoro anadai kuna mwanafunzi alirudishiwa sauti ya mtu mwingine pale maktaba ya chuo, na mpaka leo mama yake akimsikia anapiga hodi, anafunga mlango. Sijui kama ni kweli. Ninachojua, kila anayeingia maktaba huacha sauti yake kaunta, ndani ya kichupa chenye namba, na akitoka anarudishiwa. Wakubwa tu ndio hubaki na zao.

Mimi nafagia pale. Niliishia darasa la saba. Juzi mkutubi, Bwana Kisoka, alinikuta nimekaa nasoma kitabu cha magonjwa ya macho, kwa ajili ya bibi yangu asiyeona.

"Wewe dada, kazi yako vumbi," alisema. "Tia sahihi hapa kwamba hutagusa kitabu tena, nikupe sauti yako uende zako."

Nikaandika nyuma ya karatasi yake: "Nimefika ukurasa wa arobaini. Kesho naendelea."

Leo siku ya tatu. Nimefika ukurasa wa tisini na sijatia sahihi, na sitii.

Jioni nilimpelekea bibi uji, nikamshika mkono. Akaurudisha nyuma haraka.

"Nani wewe? Mkono ni kama wa Zawena. Lakini Zawena wangu ana mdomo, angekuwa ameshanichekesha."

Nikamshika tena.

"Kama ni wewe, mjukuu wangu, niite basi. Niite hata mara moja."