Maana Kumi za Ubaoni

Rahel aliufuta ubao mbio mbio, kama mtu anayefukuzwa.

"We kiranja, subiri, sijamaliza!" mwenzake mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Azima daftari la Dominika," akajibu bila kugeuka.

Mwalimu Silvana alikuwa likizo ya uzazi. Daftari lake la Kiingereza alimwachia Rahel, kiranja wa Kidato cha Pili, awaandikie wenzake ubaoni. Siku hiyo yalikuwa maneno kumi ya kuchambulia hadithi: msuko, mandhari, dhamira, msimulizi na mengine. Rahel aliandika maneno kushoto, kisha akaanza maana kulia. Loo, akaruka maana ya kwanza daftarini! Maana ya mandhari ikakaa kwenye msuko, ya dhamira kwenye mandhari, hivyo hivyo hadi chini, neno la kumi likabaki tupu.

Hapo ndipo alipogundua. Lakini aseme? Wiki iliyopita walimcheka kwa kosa dogo tu, akalia mbele ya darasa. Basi neno la kumi akalipachika ile maana iliyobaki, akanyamaza. Jioni akalirudisha daftari nyumbani kwa mwalimu, kisha akasahihisha la kwake tu.

Wenzake wakakariri. Dominika alikariri kuliko wote, maana baba yake huko Wampembe alishasema: ukifeli Kiingereza tena, rudi nyumbani uje uanike dagaa. Kila asubuhi, kwenye baridi ile ya Sumbawanga, alimkimbilia Rahel.

"Nisikilize, shoga yangu." Akazimwaga maana zote kumi, zote za uongo. "Niko sawa?"

"Uko sawa," alisema Rahel.

Ikaja siku ya jaribio, kuoanisha maneno na maana zake. Rahel aliandika zilizo sahihi. Alipoinua macho akamwona Dominika anatabasamu, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Siku tatu alivumilia. Ya nne akashindwa. Akaenda ofisini kwa Mwalimu Zephania wa hesabu, aliyekuwa akishikilia kipindi cha Kiingereza. Potelea mbali ukiranja, wamwadhibu wanavyotaka, mradi jaribio lirudiwe.

"Shikamoo, mwalimu. Nimekuja kusema..."

"Marahaba. Afadhali umejileta. Darasa zima wamepata kumi kwa kumi. Wewe, kiranja mzima, sifuri!"

Rahel akaivuta karatasi yake, akaona makosa kumi, yote kwa wino mwekundu.

"Dominika nimempa simu yangu ampigie baba yake," mwalimu aliendelea. "Mzee kafurahi, kasema mwanangu atasoma mpaka mwisho." Akafunga daftari lililokuwa wazi mezani, kando ya karatasi za majibu. "Na hili umrudishie. Mwandiko wake unasomeka, ndilo nililotungia jaribio na kusahihishia. Haya, ulikuja kusema nini?"

Rahel alilipokea daftari la Dominika kwa mikono miwili.

"Kwamba sikusoma, mwalimu."