Nyayo za Suban

Hodo alitaka mwanga uwe wa kijani.

“Au ulikuwa wa bluu, adeer?” alimuuliza baba yake mdogo huku akikagua kamera. “Maana siku ile kwenye simu ulisema mweupe.”

Miaka minne iliyopita Isak alikuwa amesema mweupe, mwaka uliofuata akasema bluu, na Idi iliyopita, baada ya kushiba wali, akaongeza na mngurumo.

“Weka wowote, adeer,” akajibu. Kwao baba mdogo na mtoto wa nduguye huitana kwa neno hilo hilo moja, na siku hizi kila alipoitwa hivyo aliona haya.

Walikuwa wamesimama nje ya boma lake, mwendo mfupi kutoka Griftu, pale pale ambapo Suban alitoweka bila kuacha hata unyayo. Suban alikuwa ngamia wa kitovu wa Hodo. Siku binti huyu alipozaliwa, baba yake alimtengea ndama, awe wake yeye na kizazi chake chote. Ngamia wa namna hiyo hauzwi. Anayemuuza huhesabiwa kuwa ameuza bahati yake. Suban alikuwa na hasira za karibu na hakukubali kushikwa na mgeni. Baba yake Hodo alipofariki, ngamia akaachwa kwa Isak. Na kwa Isak akapotea.

Sasa Hodo alikuwa amekuja kutoka Garissa na wasaidizi wawili, apige filamu ya mkasa huo. Kisa chenyewe alikuwa amekibadilisha mara tatu. Kwanza viumbe wa angani walitoka kwenye sayari isiyo na maziwa. Kisha wakawa wamepotea njia, wakamtaka ngamia awaongoze kati ya nyota, kwa kuwa walisikia ngamia hasahau alikopita. Mwishowe msichana alidandia chombo chao, akamfuata ngamia wake hadi mawinguni. Kitu kimoja tu hakikubadilika. Katika visa vyote palikuwa na baba mdogo wa msichana, na baba mdogo huyo alikuwa shujaa.

Hapo ndipo Isak alipoumia. Tangu siku ile jamaa walikuwa wamegawana ngamia aliokuwa akiwachunga, kwa heshima kabisa, bila neno baya, wakamwachia mbuzi. Hodo peke yake ndiye aliyezidi kumpenda. Alimtumia shuka, alimtumia dawa ya macho, na hakuja likizo bila kufikia kwake. Hata alipopigiwa simu kuambiwa ngamia wake amechukuliwa na mwanga, hakulia. Aliuliza tu ulikuwa wa rangi gani.

“Piga goti hapo, adeer. Shika mchanga, halafu utazame juu. Hapo ndipo unaposema, ‘Hakuna hata unyayo mmoja.’”

Isak akapiga goti. Mchanga ulikuwa wa moto. Akaiwaza filamu ikionyeshwa kwenye ukuta wa shule, watoto wa Griftu wakimpigia makofi mzee mwongo. Akainuka, akajipangusa magoti.

“Siwezi,” akasema. “Waambie hawa wenzako wakanywe chai kwanza.”

Wasaidizi walipokwenda kivulini na birika, Isak akapiga moyo konde. Alijua kwamba akishasema, hatabakiwa na mtu hata mmoja wa kumheshimu.

“Hakukuwa na mwanga,” akasema. “Wallahi, hakukuwa na kitu. Mchana ule nilimfunga Suban miguu, nikaenda mjini kutazama mpira. Nilidhani narudi mara moja, mpira ukaingia dakika za nyongeza. Nilipofika hapa jua linazama, nikakuta kamba imefunguliwa, imekunjwa vizuri juu ya jiwe. Ngamia hayupo.”

Hodo akaishusha kamera.

“Wewe ulikuwa umeniaga asubuhi ile, uko njiani kurudi chuoni. Ningekuambia nini? Kwamba nilimwacha ngamia aliyeachwa na marehemu ndugu yangu kwa sababu ya mpira? Nikakata tawi la mgunga, nikaliburuta kutoka hapa mpaka barabarani, nikafuta kila kitu. Watu walipokuja nikawaambia ni upepo wa chombo uliolaza mchanga.”

“Ulifuta nyayo zote?”

“Zote.”

“Wewe, adeer?” Hodo alimkazia macho. “Wewe unayeitwa mpaka Wajir kusoma nyayo za wezi? Ulizifuta bila kuzisoma?”

“Nilikuwa na haraka, na aibu ilikuwa imenipofusha. Sikuinama hata mara moja. Ningeinama pengine ningemjua mwizi. Na hilo pia nakuomba unisamehe.”

Hodo akaketi chini, kamera mapajani. Isak alisubiri atukanwe, na aliona anastahili.

“Hukuinama,” Hodo akarudia kwa sauti ndogo. Akaifunika kamera kwa ncha ya mtandio wake. “Zilikuwa zangu, adeer. Nilimpeleka mwenyewe mpaka kwenye lori la mnunuzi, nikapata hii kamera. Miaka minne nimeamini kwamba ulizisoma, ukazifuta ili unisitiri.”