Kiti cha Fisi cha Henzirani Changa

Mnanisumbua kama sina kunde za kupukuchua. Haya, sirudii.

Bi Ndezi alipanda henzirani, mmea wa miiba unaoparamia miti, akazitunza miaka mitano. Mtemi Fisi akazitaka asukiwe kiti cha enzi.

"Fito changa zikikauka hunywea, mtemi. Subiri miaka miwili."

"Unanipangia, wewe panya?"

"Shoka unalo, kata. Ila mimi sisuki fito changa, hata ukinitafuna."

Fisi akakata shamba zima, akawasukisha nyani. Siku ya sherehe, alipoketi tu, fito zilizonywea zikaachia, kiti kikamkunja kama furushi mbele ya wageni. Baraza likamwamuru alipande upya shamba la Bi Ndezi kwa mikono yake, na akalie udongo mpaka likomae.