Kahawa ya Wanale

Barua ilikuwa chini kabisa ya kikapu cha safari, imefunikwa na kanga mbili. Mwalimu Masinde hakuwa akitafuta barua. Alikuwa akitafuta mifuko ya nailoni aitoe, maana alikwisha kumwambia mkewe mara tatu kwamba hakuna nailoni itakayofika Takaungu.

"Mama Emma," iliandikwa, "umevumilia vya kutosha. Usimwambie kitu. Siku ya treni nitakuwa stesheni mapema. Barasa."

Akaketi kitandani, akaisoma tena.

Miezi minne alikuwa akiipanga safari hii. Takaungu, mji mdogo wa pwani karibu na Kilifi, siku tano tu za likizo ya Agosti 1994. Pale Jinja yeye ndiye aliyekuwa mlezi wa klabu ya mazingira shuleni, naye alitaka matembezi yasiyoacha taka nyuma. Wangekwenda kwa treni, wangelala kwa familia badala ya hoteli, wangekula samaki wa hapo hapo, na asubuhi mbili wangesaidia kupanda mikoko. Walimu wenzake walimcheka kwamba analipa nauli ili akalime tope. Topista mkewe, binti wa Buwenge ambaye hakuwahi kuiona bahari, aliikubali safari kwa sharti moja: wenyeji wapelekewe zawadi ya kahawa ya Wanale, mlima wa kwao Masinde huko Mbale, kutoka mikononi mwa wakulima wenyewe.

"Tunapita Mbale, tunalala siku moja, tunachukua," alisema. "Na wewe unasalimia watu wako."

"Mbale hatupiti," Masinde alijibu. "Ni kuzunguka bure na kuchoma mafuta ya basi."

Kwao Mbale hakukanyaga tangu alipoondoka akiwa na miaka kumi na sita. Likizo zake zilikwenda kwingine kote. Agosti ya 1990 ilimkuta Kabale, Agosti ya 1992 ikamkuta Mbarara. Mwanawe wa kiume, Emma, aliyetimiza miaka kumi na tano, alikuwa ameanza kuuliza kwa nini wao hawaendi kwa babu kama watu wengine, na Masinde alikuwa akimjibu kwamba dunia ni pana.

Sasa alijua balaa lilipoanzia. Mwezi wa kwanza wa mwaka alihamia jirani yao Khainza, mke wa askari magereza aliyeletwa Jinja kutoka Mbale. Siku ya kwanza tu mwanamke huyo alimwuliza Mwalimu kwao ni wapi hasa, na rika lake ni kina nani. Masinde akakumbuka kwamba ana madaftari ya kusahihisha. Tangu siku ile wanawake wale wawili hawakuachana. Walikaa uani wakimenya ndizi, vichwa pamoja, na yeye akitokea wananyamaza. Mara moja alimkuta Topista analia. Kitandani, Topista alianza kulala akiutazama ukuta.

Halafu ghafla ubishi wa Mbale ukaisha. Topista alisema Khainza amempata mtu wa kahawa, anaitwa Barasa, anauza pale Namakwekwe, Mbale, naye ataileta mpaka stesheni ya Jinja. Masinde alimshukuru. Mjinga yeye, alimshukuru hata Khainza, ambaye kumbe ndiye aliyekuwa posta yao.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa amemchagua Topista kwa makini. Mama yake alimtafutia binti wa kwao, akakataa. Alitaka Msoga, mtu asiyejua mila za Mbale, akampata, akaishi naye miaka kumi na sita bila kumpiga wala kumtukana. Hakuna kitu maishani kilichowahi kumuumiza hivi, na aliliona jambo hilo wazi alipokuwa akiirudisha barua chini ya kanga na kukipanga kikapu kama alivyokikuta. Angewafuma wote wawili stesheni, mbele ya watu. Tiketi angezichana hapo hapo.

Siku ya treni, jioni, Topista alivaa gomesi yake nzuri. Walisimama karibu na kikapu chao, na Masinde akaona kwamba mkewe haitazami reli. Anaitazama barabara.

"Unamngoja nani?" akamwuliza.

"Kahawa."

"Barua nimeiona, Topista."

Topista hakukana. Alimtazama usoni kwa muda, kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa, kisha akamshika mkono.

"Basi usikimbie," akasema. "Nakuomba, Baba Emma. Leo usikimbie."

Sauti ya kumwomba ilimchanganya. Angekimbia nini, yeye aliyesalitiwa? Hapo langoni akatokea kijana wa miaka ishirini na kitu, mikono mitupu, hana kahawa wala gunia. Akamwinamia Topista kwa heshima.

"Mama Emma. Mimi Barasa."

Masinde akakunja ngumi, akapiga hatua moja. Ya pili haikupigwa. Nyuma ya Barasa kulisikika njuga, kisha ngoma, na wanaume wanane wakaingia langoni. Mbele yao alikuwa Geresom, kaka yake, ambaye hakumtia machoni kwa miaka ishirini na minne, amebeba bakuli la unga wa wimbi uliochachushwa, ule wanaopakwa wavulana wa Mbale Agosti ya kila mwaka wa pili. Wa mwisho alikuwa mzee mwembamba mwenye kisu kilichofungwa kwa kitambaa safi. Wote wakampita Topista, wakamzunguka Masinde.

"Ni huyu aliyekikimbia kisu," Topista akawaambia, bila kuuachia mkono wa mumewe. "Emma anataka kutahiriwa mwaka huu. Baba yake atangulie."