Aliyestahili Tenga

Palikuwa na banda, na bandani palikuwa na Ndweo, mtetea asiyeshiba mpaka adonoe mgongo wa mwenzake. Mgongo wenyewe ulikuwa wa Kishingo. Ulipoanza kutoka damu kuku wote waliingiwa hofu, maana damu huita kila mdomo, na kuku anayechuruzika haioni kesho.

Wakakimbilia kwa Bi Makoo, kuku mzee mpenda amani.

"Kishingo mwanangu, tukufunike tenga siku tatu, upumzike."

"Adonoe yeye, nifungwe mimi?"

"Usibishane na wakubwa!"

Akafunikwa. Asubuhi Ndweo alitafuta mgongo ule, akaukosa, akauona wa Bi Makoo. Manyoya yakaruka.

"Kishingo, nipishe humo!" Bi Makoo alilia.

"Kunificha mimi hakukumfunga yeye mdomo, bibi. Nitoeni, mumtie yeye."

Safari hii hakuna aliyebisha. Waliliinua tenga wote kwa pamoja, wakamsukumia Ndweo ndani.

Siku ya nne alipotoka, alikuta kila nafasi penye pumba ina mwenyewe.

"Dada zangu, sogeeni kidogo," aliomba.

Kishingo alisogea, akaendelea kula, jicho moja likimtazama.