Kungoja Kuitwa

Nilisimamisha nyumba yangu ya magurudumu chini ya mgunga, nje kidogo ya Sangailu, nikazima injini. Kisha nikashuka, nikatandika mkeka kivulini na kuketi kungoja.

Kule Galbet, aliyeniuzia alinionyesha kitanda, jiko na tangi la maji. "Mzee, hii hakuna kujenga," alisema. "Unasimamisha tu, unaingia."

Kwetu mke ndiye hujenga nyumba, na nyumba ni yake. Kila tulipohama, mke wangu Kaltun alishusha fito na mikeka kutoka mgongoni mwa ngamia, akapinda, akafunga, nami nikakaa mbali hadi aniite kunywa chai. Miaka arobaini sikuwahi kuingia kabla ya kuitwa.

Jua lilisogea, kivuli kikahama, nami nikahama nacho. Ufunguo ulikuwa umeniachia alama kiganjani.

Mama mmoja akapita na mbuzi wake, dumu tupu mkononi. Aliitazama nyumba, akanitazama mimi.

"Adeer, ami yangu, mwenye nyumba yuko? Naomba maji."

Kaltun tulimzika mwezi wa Rajabu.

"Anapanga vyombo," nikamwambia. "Kaa hapa kivulini. Atatuita."