Ruta Iliyolemewa

Mjini kwao, ruta ya intaneti ikilemewa, sheria iliitaka ijieleze kwa sauti mbele ya wote waliomo nyumbani. Ya Tausi ilikuwa ya moto kama kikaango. Mama yake, aliyefunga safari kutoka Lindi kwa kuwa simu zake za mtandaoni haziingii, aliipepea kwa pindo la kanga.

"Maskini, wameibebesha nini hii?"

"Iache tu, Mama."

Fundi aliyeitwa kuikagua akabonyeza kitufe cha maelezo kabla Tausi hajamzuia.

"Prosesa yangu, huu ubongo wangu, inachoshwa na kazi moja," ruta ikasema. "Kukataa simu za Mama, kama Tausi alivyoniagiza. Anapiga mchana kutwa."

Fundi akainamia vifaa vyake. Tausi hakujua auweke wapi uso wake. Mama aliendelea kupepea.

"Basi, mwanangu," alisema taratibu, "nitapunguza kupiga. Isije ikaungua."